Tovuti mpya ya muuzaji wa kemikali za maabara, Lubumbashi

Muuzaji mmoja wa kemikali za maabara hapa Lubumbashi, ambaye sitamtaja jina, ameijenga upya tovuti yake. Kwa kuwa wateja wake wengi ni wakemia wanaopima shaba na kobalti kutoka Likasi na Kolwezi, nimeipima kwa kazi yetu, wala si kwa uzuri wa picha zake. Hata ISO 9241-11, kiwango cha kimataifa cha urahisi wa matumizi, hakisemi kwamba chombo ni rahisi kwa watu wote; kinauliza nani anakitumia, kwa lengo gani na katika mazingira gani.

Utafutaji ndio uliofaulu. Zamani ilibidi kupitia orodha ndefu ya majina ya Kifaransa. Sasa unaandika namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, tuseme 7664-93-9, na asidi ya salfuriki inatokea pamoja na viwango vyake vyote vya usafi, ujazo wa chupa na bei kwa dola, katika jedwali moja. Mkemia hahitaji kuelezwa asidi hiyo ni nini. Anataka kuona mara moja ina uchafu kiasi gani wa chuma na shaba, kwa maana huo ndio utakaopotosha vipimo vyake. Jedwali limesongamana namba, na fundi mwingine wa tovuti angelipunguza ili lipendeze. Namshukuru huyu aliyeliacha lilivyo.

Tatizo limo katika mkato wa desimali. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huandika 0,1, lakini tovuti inatambua 0.1 peke yake, hivyo anayetafuta myeyusho wa 0,1 mol/L hujibiwa kwamba haupo, ilhali umo katika orodha. Kasoro kama hiyo fundi haioni mpaka akae kando ya mtu wa maabara, amtazame akiagiza.

Baya zaidi ni karatasi za usalama. Kwa GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha hatari za kemikali, zina sehemu 16, nazo zimewekwa kama faili moja zito la kurasa zilizopigwa picha, hata kwa anayehitaji sehemu ya 4 tu, ya huduma ya kwanza, huku mwenzake amemwagikiwa asidi. Maandishi ya kawaida yangefunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Kwa maagizo ya kawaida naipendekeza. Kwa kemikali zinazoisha muda upesi, ni afadhali kupiga simu ghalani kwanza, kwa kuwa tovuti haionyeshi kama chupa imeshavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa.