TAHADHARI: Nyumba ya marehemu iliyopo Ngamiani inauzwa na mtu aliyekwisha kuvuliwa usimamizi wa mirathi

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba Tanga mjini, hasa nyie mlio Dar mnaotuma hela kwa simu kabla hata ya kupanda basi, naomba mnisome.

Kuna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huku Ngamiani, ina baraza ya saruji mbele na uani kuna mwembe. Mwenyewe alishafariki. Anayeiuza ni mtoto wake mmoja, mtu wa makamo, mpole, kila neno "inshallah", na anatembea na dalali. Mimi walinitajia milioni 38. Mwezi wa tatu nikatoa milioni 8 kishika uchumba, tukaandikishana mbele ya mashahidi.

Sikwenda kichwa kichwa. Alinionyesha fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayomteua msimamizi wa mirathi, ina muhuri na namba ya shauri. Akanipa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nilipouona muhuri, roho ikatulia, na hapo ndipo nilipoliwa.

Ukuta wa mbele, kati ya mlango na dirisha, ulikuwa umepakwa chokaa mpya, kipande cha upana wa mkeka tu. Nilikiona na sikuuliza. Masika yalipoanza nikapita na fundi kukagua bati. Chokaa imechujuka, na chini yake yanasomeka maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nikapiga hodi. Akatoka bibi mmoja ambaye yule bwana aliniambia ni mpangaji. Kumbe ndiye mjane. Akanikaribisha kwenye mkeka, akaniambia, "Mwanangu, mie nimeingia humu bibi harusi. Thumni yangu, lile fungu la mjane, sijaiona mpaka leo. Na huyo aliyekuuzia, mahakama imeshamvua."

Kesho yake nikaenda masjala ya mahakama na ile namba ya shauri. Karani akatoa faili, kazi ya nusu saa. Amri ya kutengua uteuzi wake imo mle, ya miezi mitano kabla hajapokea hela yangu. Msimamizi anatakiwa apeleke fomu namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu, ndani ya miezi minne. Yeye hakupeleka kitu. Na kwenye ule muhtasari wa ukoo, dada zake wawili hawakutajwa kabisa. Fomu aliyonionyesha ilikuwa ya kweli, ila ilishakufa, na karatasi haisemi kama imekufa.

Kwa hiyo ukiambiwa "hii nyumba ya mirathi, karatasi zote zipo", chukua namba ya shauri uende masjala mwenyewe, usimtume dalali. Uliza kama uteuzi bado upo na kama kuna pingamizi. Msimamizi si mwenye nyumba, kashikishwa tu mali ya warithi. Waone hao warithi mmoja mmoja, pamoja na mabinti walioolewa mbali, maana hao ndio wanaorukwa. Nyumba ikiwa na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama jina la msimamizi limeingizwa. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano, hauthibitishi umiliki. Na ukionyeshwa "hukumu" mpya ya baraza la kata, shtuka: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, mabaraza hayo yanasuluhisha migogoro ya ardhi tu, hayahukumu.

Halafu nenda kwenye nyumba bila muuzaji, jioni watu wakiwa barazani. Mimi ningekaa pale robo saa tu, majirani wangeniambia yote.

Nimefungua jalada polisi la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Simu zake hazipatikani. Bibi ananiambia juzi kaja tena na mke na mume kutoka Dar, wanapima vyumba kwa futi, na ule ukuta umepakwa chokaa upya. Kama ni nyie, au mnawajua, msitoe hata shilingi. Na kama mmeshatoa, tunzeni meseji za muamala na karatasi mliyosaini, mniandikie leo twende kwa mpelelezi pamoja.