Microsoft Advertising: matangazo ya Bing yanalipa, ila chunga kitufe cha kuhamisha

Anayelipia matangazo ya utafutaji asitarajie kupata kwa Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, wingi wa watu aliouzoea Google. Anachopata ni ushindani mdogo kwa maneno mengi yanayotafutwa, tena akaunti moja ya Microsoft Advertising inafika Yahoo na DuckDuckGo, ambazo nazo huonyesha matangazo ya Microsoft. Watafutaji wengi wanatumia kompyuta za Windows, ambako Edge huja na Bing tayari. Ndiyo maana huduma za kuuzia ofisi hufanya vizuri huku kuliko bidhaa zinazoagizwa kwa simu.

Kinachotufurahisha zaidi ni taarifa za LinkedIn, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2016. Unaweza kupandisha dau, yaani kiasi unachokubali kulipia mbofyo, kwa watu wa sekta, kampuni au aina fulani ya kazi. Kwa muuzaji wa programu za uhasibu, hiyo peke yake inatosha kufungua akaunti.

Kuhamisha kampeni kutoka Google Ads huchukua dakika chache, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Matangazo yenyewe huja salama, maana vipimo ni vilevile: vichwa vya herufi 30, maelezo ya herufi 90. Lakini bajeti nayo huja nzima kama ilivyo, basi ipunguze kabla ya kuwasha kampeni. Kagua pia mipangilio ya eneo, kwani ukiacha chaguo pana utawalipia hata watu wanaotafuta habari za eneo lako wakiwa mbali nalo. Msimbo wa Google wa kupima mauzo hauhesabu chochote upande huu. Weka ule wa Microsoft, yaani UET, kwenye kila ukurasa, uunde malengo yako, yaani vitendo unavyotaka vihesabiwe kama vile mauzo, uhakikishe yanarekodi, ndipo uruhusu mfumo ujipangie dau. Na chagua kuhamisha mara moja tu. Ukiweka ratiba, marekebisho uliyofanya huku yanaweza kufutwa na yale ya Google.

Udhaifu mkubwa ni tovuti washirika, yaani tovuti za wengine zinazoonyesha matangazo ya Microsoft. Baadhi huleta mibofyo mingi isiyo na mteja hata mmoja. Fungua kila wiki ripoti ya tovuti zilizoonyesha matangazo, panga kwa gharama, kisha zizuie zile zinazokula bila kuuza.

Kama neno lako hutafutwa mara chache hata Google, huku halitaleta kitu.