ProseMirror na vipande visivyoharirika ndani ya barua

Ofisi yetu hapa Dodoma huandaa barua nyingi za mfano mmoja, zenye jina la mhusika na kumbukumbu namba ambavyo karani hapaswi kuvibadili hata anapoandika upya sentensi inayovizunguka. Kuweka `contenteditable="false"` peke yake (sifa ya HTML inayozuia kipande cha ukurasa wa wavuti kisihaririwe) ni suluhisho la haraka lenye kero zake, kwani vipande viwili vikikaribiana au kimoja kikiwa mwisho wa mstari, kishale huweza kupotea na mwandishi asijue anaandikia wapi.

ProseMirror, maktaba huria ya JavaScript ya kuundia vihariri vya maandishi, iliyoasisiwa na Marijn Haverbeke, inalimudu jambo hili vizuri zaidi: kipande hutangazwa katika skima (maelezo ya muundo wa hati) kuwa nodi, yaani kijenzi cha hati, yenye sifa ya `atom`, na kihariri hukichukulia kuwa kitu kimoja kisichoingilika. Hata hivyo, sifa hiyo huzuia kuhariri tu, haizuii kufuta. Anayetaka kumbukumbu namba isifutike kabisa itambidi aandike programu-jalizi yenye `filterTransaction`, ambayo hukataa badiliko lolote linaloiondoa. ProseMirror haigharimu chochote, lakini (niseme ukweli) si chombo cha fundi anayeanza.