Soli ya kupimwa kwa mguu kifundo ukubwani: uzoefu wangu

Nyota 4 kati ya 5 kwa soli hii ya kuingizwa ndani ya kiatu, baada ya kuivaa miezi 14 kwenye mguu kifundo, yaani mguu niliozaliwa nao ukiwa umepinda kuelekea ndani. Ulipasuliwa utotoni, na kifundo chake sasa kimekakamaa.

Soli hii hainyooshi mguu, na anayekuahidi hivyo usimpe pesa. Mguu uliokakamaa ukilazimishwa unaota sugu. Kinachofanyika ni kuipandisha sakafu iufuate unyayo. Wangu unakanyagia ukingo wa nje, upande wa kidole gumba unabaki hewani, kwa hiyo fundi alijaza pengo la ndani. Mguu ambao bado unageuzika kwa mkono ndio unaowekewa kabari upande wa nje. Ukichanganya hizo mbili, uzito wote unaangukia mfupa wa ukingoni, chini ya kidole kidogo. Hakikisha fundi anaushika na kuugeuza kabla hajachukua kipimo.

Kipimo kilichukuliwa kwa plasta nikiwa nimekaa, goti limekunjwa nyuzi 90.

Nyota iliyopungua ni ya kisigino. Kifundo kisichopanda kupita nyuzi 90 kinausukuma mzigo katikati ya unyayo. Kisigino kiliinuliwa milimita 5, hazikutosha. Zilipofika 10 maumivu ya jioni yakapungua sana. Lakini milimita 10 ndani ya kiatu cha kawaida zinakichomoa kisigino. Chagua kiatu chenye kina, cha kamba, ambacho soli yake ya kiwandani inatoka. Ukihitaji zaidi ya hapo, nyongeza ibandikwe chini ya kiatu, kwa nje.

Siku ya kwanza ivae kwa muda wa saa moja tu, kisha ongeza saa moja kila siku. Ukivua, tazama ngozi: wekundu usiofifia ndani ya nusu saa unamaanisha hapo pachongwe upya.

Namba zangu za kiatu ni 39 na 41, nanunua jozi mbili. Kujaza kitambaa kwenye ncha ya kiatu kunautelezesha mguu mbele na soli inakuwa haina kazi. Shavu la mguu halijanenepa, wala halitanenepa kwa mazoezi. Ndivyo mguu kifundo ulivyo.

Kwa mliotibiwa utotoni kwa plasta za Ponseti (njia ya kuunyoosha mguu kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa), huenda msiihitaji kabisa: utafiti wa Iowa, Marekani, wa 1995 uliwapima waliotibiwa hivyo wakiwa na wastani wa miaka 34, na 78% walikuwa na matokeo mazuri au bora, dhidi ya 85% ya watu waliozaliwa na miguu ya kawaida.

Sponji ya juu ilibonyea mwezi wa 8. Kubadilisha hiyo peke yake kunatosha.