Uzoefu wangu na chemli ya Feuerhand: chukua yenye kutu, iache iliyopakwa rangi

Nina chemli mbili za zamani. Moja nililipa shilingi 85,000 kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyingine 12,000 kwa muuza vyuma chakavu Ngamiani, hapa Tanga. Inayowaka ni hii ya 12,000, ya kampuni ya Kijerumani ya Feuerhand. Kila nikiweka picha yake watu wananiuliza nimeipata wapi na kama inafaa kuhangaikia, basi leo nijibu mara moja.

Nianze na ya bei kubwa, maana ndiyo iliyonifunza. Ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu kuanzia kofia hadi kitako. Muuzaji akaniapia kwamba ni ya enzi za Mjerumani, nami bila hata kuigeuza chini nikatoa pesa. Nikafika nyumbani, nikaijaza mafuta, nikaiweka juu ya meza, nikaenda zangu kuswali Isha. Narudi, kitambaa cha meza alichokidarizi mke wangu kwa mkono wake kimelowa mafuta ya taa mpaka kwenye pindo. Ya usiku ule yaishie humo humo ndani.

Asubuhi nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi bati. Nikamwamkia, akaitikia, akaichukua taa, akachukua bisibisi na kukwaruza chini ya tangi. Rangi ikabanduka pamoja na kipande cha gundi ngumu kama biskuti. Akanirudishia.

"Mwanangu, hii haina kitako. Ina rangi."

Na kweli, bati lilikuwa limeliwa na kutu, ukiliinua juani unaona mwanga unapenya. Kioo nacho hakikuwa chake, kilikuwa kinacheza kwenye waya zake. Tangu hapo chemli iliyopakwa rangi mpya siigusi. Kutu ya wazi unaiona na kuipima kwa macho yako, lakini chini ya rangi hujui unanunua bati au unanunua gundi.

Ya pili niliikuta kwenye lundo la rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka. Kijana alikuwa ameshaiweka kwenye mizani aniuzie kwa kilo. Niliharibu mwenyewe, niliishika mara mbili na kuigeuza kwenye mwanga. Akaniangalia, akaitoa kwenye mizani, akasema elfu ishirini. Tukavutana mpaka 12,000. Ukienda kwa watu wa vyuma chakavu, jifanye unatafuta kitu kingine.

Ilikuwa nyekundu kwa kutu, haina utambi, na mrija mmoja wa pembeni nyigu walikuwa wameujaza udongo. Lakini nilipofuta vumbi kwa dole gumba yakatokea maandishi yaliyogongwa kwenye bati: Feuerhand, 276, W. Germany. Hayo ya mwisho ndiyo ya kutafuta. Kampuni hii ya Hermann Nier ilianzia Beierfeld, jimbo la Saxony, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia upande ule ukaangukia Ujerumani Mashariki. Ikaanza upya Hohenlockstedt, kaskazini mwa Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo taa yenye "W. Germany" imetengenezwa kati ya 1949 na 1990, si enzi za Mjerumani wa kina Bushiri, hata mwenye duka aape vipi. Kioo chake, bahati iliyoje, kilikuwa kizima na kina maandishi ya Jenaer Glas, kioo cha kuvumilia moto. Chemli ikiwa inawaka nje na tone la mvua likakiangukia, hakipasuki ovyo kama hivi vya kawaida.

Kabla hujanunua, elewa ile mirija miwili ya pembeni. Si vishikio. Hewa ya moto hutokea juu kwenye kofia, na hewa safi huingia karibu na kofia, ikashuka kwa mirija mpaka chini ya utambi na kuulisha moto. Ndiyo maana upepo wa baharini hauzimi chemli nzuri. Mrija ukiziba au ukitoboka, moto unakuwa mwekundu, unatoa masizi na kioo kinakuwa cheusi kwa dakika chache. Watu wanalaumu mafuta kumbe ni nyumba ya nyigu. Mimi niliitoa kwa waya wa kebo ya breki ya baiskeli, taratibu, udongo ukawa unamwagika kama ugoro.

Kutu niliitoa kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, chaja ya betri ya gari. Taa inafungwa upande wa hasi, kipande cha nondo upande wa chanya, na visigusane. Usibadilishe pande, utaila taa yako. Usitumie chuma cha pua mahali pa nondo, kinatoa sumu kwenye maji. Na fanya nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni. Niliiacha tangu saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Maji yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala, na kutu ikatoka kwa brashi ya kufulia, bila msasa.

Ndani ya tangi brashi haifiki. Nilitia kokoto ndogo na maji ya ndimu ya unga, nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi, nikamwaga, nikarudia. Angalizo: kama taa yako bado ina ule weupe wa zinki, ndimu itaumaliza, usiiloweke. Yangu haikuwa na cha kupoteza. Nikasuuza kwa maji ya magadi, nikaianika juani siku nzima.

Kisha jaribio ambalo ningelifanya kwa ile ya dhahabu meza ingesalimika. Tia mafuta kidogo, iweke juu ya gazeti, lala. Asubuhi nilikuta duara la mafuta dogo kuliko shilingi, chini ya ukingo wa tangi. Nikamwaga mafuta, nikaliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, kwani kupeleka kwenye moto wa fundi tangi lenye mvuke wa mafuta ni kumtafutia mzee wa watu ajali. Akaliziba kwa lehemu, akanitoza 3,000. Usiku wa pili gazeti lilibaki kavu.

Utambi wa nusu inchi nilinunua dukani, wa pamba. Uanike kwanza, uukate sawa kwa mkasi mkali, kisha pembe zake mbili uzipunguze kidogo tu, moto utakuwa wa mviringo badala ya kutoa pembe. Ukishajaza mafuta subiri nusu saa unywe ndipo uwashe. Na ni mafuta ya taa peke yake. Mtu akikuambia uchanganye na petroli, mkimbie.

Inawakaje sasa? Tangi linachukua kama mililita 340, na watengenezaji wanasema linawaka zaidi ya saa 20. Yangu niliiwasha jioni umeme ulipokatika, ikakesha mpaka alfajiri na mafuta yakabaki. Mwanga wake ni wa kulia chakula na kutembelea uani. Kusoma utaweza ukiisogeza karibu, lakini anayetegemea kufanyia kazi anunue taa ya sola, bei iko chini na haina harufu. Harufu ipo, hasa wakati wa kuzima, na chumbani dirisha liwe wazi. Kero nyingine ni mafuta yenyewe: vituo viwili nilivyozoea vimeacha kuyauza, sasa nayapata kwa mpemba wa dukani kwa chupa, na bei yake anaijua yeye.

Nimetumia jumla kama 20,000 ukihesabu lehemu, utambi, magadi na ndimu, pamoja na Jumamosi mbili. Naipa alama nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya masizi, ambayo yanataka kioo kifutwe kila asubuhi. Mama aliponiona nakifuta kwa karatasi ya gazeti alichukua, akapuliza pumzi ndani, akafuta kwa mkono mmoja bila kuangalia, akanirudishia kinameta.

Ile ya dhahabu iko kwenye msumari barazani. Haina mafuta. Wageni wote huanza kuisifia hiyo.