Tiba shufaa ya nyumbani kwa mzee asiye na ndugu: uzoefu wangu

Niseme mapema ili asiye na muda asome hapa tu: kwenye kutuliza maumivu, huduma hii ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kwenye usiku na siku za mwisho wa wiki, ilituacha. Mambo hayo mawili yana uzito tofauti kabisa kwa mzee mwenye watoto na kwa mzee asiye na mtu.

Huyu hakuwa na mtu. Alikuwa jirani yangu, bibi wa miaka 82, mjane, hakujaliwa mtoto, na ndugu zake wote walikuwa wameshatangulia. Saratani ya titi ilikuwa imefika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Daktari alipomweleza kwamba hakuna tena tiba ya kuiondoa, alimwandikia rufaa kwa timu ya tiba shufaa inayowafuata wagonjwa majumbani. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu. Bibi aliitazama, akanitazama, nami nikaandika jina langu.

Nesi aliyekuja mara ya kwanza alimwamkia, akaketi, akakaa muda kabla ya kufungua mkoba. Akamwomba aeleze maumivu kwa namba, kutoka 0 hadi 10. Bibi akasema, "Ni uzee tu, mwanangu." Nesi hakung'ang'ania namba. Alimuuliza kama anaweza kugeuka kitandani bila kuamka, kama anafika msalani bila kusimama njiani, mara ya mwisho alilala lini hadi asubuhi. Majibu yalitoka yenyewe, na nikajua kwamba kwa miezi mingi bibi huyu alikuwa akinisalimia akitabasamu huku mifupa inamuuma. Wazee wengi hufanya hivyo. Anayewauliza "unaumwa?" na kuridhika na "hapana" hajawauliza kitu.

Walimwanzishia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, miligramu 2.5 kila baada ya saa 4. Kiasi kidogo, kwa sababu figo za mzee huitoa dawa polepole. Pia walimwachia dozi ya ziada ya kumeza maumivu yakichomoza kabla ya saa ya dawa. Siku hiyohiyo walimpa dawa ya kulainisha choo, na nilipenda sana walivyolieleza hilo: usingizi na kichefuchefu cha mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuondoki kwenyewe, basi usisubiri kutokee ndipo utibu. Kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu, nesi alizungushia utepe mwekundu bomba la kupimia dawa, palepale dozi inapoishia. Kitu kidogo, lakini ndicho kilichomwezesha bibi kumeza dawa yake mwenyewe saa ambazo hakukuwa na mtu ndani.

Watu walikuja kuninong'oneza kwamba mofini ni dawa ya kummalizia mgonjwa. Si kweli. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye ngazi yake, yaani mpangilio wa hatua kwa hatua, wa kutibu maumivu ya saratani tangu 1986, na ikitolewa kwa kipimo kinacholingana na maumivu, haiharakishi kifo. Bibi baada ya kuanza dawa ndiyo alirudi kukaa kibarazani.

Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa anayekaribia kufa si ya mwili peke yake, yamo pia ya hofu, ya upweke, ya mambo yasiyomalizika. Hapo ndipo ofisa ustawi wa jamii wa timu alipofanya kazi ambayo naipa alama zote. Alikaa na bibi, akamuuliza nani asimame kwa niaba yake siku atakaposhindwa kusema. Angependa kufia wapi? Akizidiwa, arudishwe hospitali au aachwe nyumbani? Vitu vyake viende kwa nani? Yote yakaandikwa, bibi akasaini angali na akili timamu. Swali lililomtoa machozi lilikuwa la paka wake. Kumbe ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi muda wote, na hakuna daktari aliyewahi kufika huko.

Sasa upande wa pili. Mpango mzima umejengwa juu ya dhana kwamba ndani ya nyumba kuna mlezi. Mafunzo ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda, kumsafisha kinywa, kuandika dozi kwenye daftari, yote anapewa "familia". Watu wa kujitolea walikuwa wema kweli, lakini walikuja mchana tu. Zamu za usiku tulizipanga sisi majirani, kwa simu na kwa kubembelezana. Jumamosi moja usiku maumivu yalimpanda vibaya, nikapiga namba ya dharura tuliyopewa, ikaita hadi ikakata. Ile dozi ya ziada ndiyo iliyotuokoa. Tulipolalamika waliomba radhi na kutupa namba ya pili, nayo ikawa inapokelewa. Lakini nafikiria mzee ambaye hana hata jirani wa kupiga simu.

Siku za mwisho walitutayarisha vizuri. Walitueleza mapema kwamba atakataa chakula na tusimlazimishe, tumlowanishe midomo tu, na kwamba pumzi itabadilika na kuwa na vituo. Alifariki nyumbani kama alivyotaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wote wanaohitaji huduma ya namna hii duniani, ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata, kwa hiyo ukiipata ichukue, nami ningeichukua tena kesho. Ila kama unamtafutia mtu asiye na ndugu, kabla hujasaini waulize simu ya usiku inapokelewa na nani, kisha ipige mwenyewe saa nane za usiku uone. Waulize nani atampa dawa siku mikono yake itakapokosa nguvu. Kama jibu lao ni "familia", waambie palepale kwamba hakuna, na usiondoke mpaka waandike jina la mtu.