Igizo la Mnada wa Samaki, Bagamoyo: Mtazamaji Anapoingia Uwanjani

Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, haukosi ngoma wala sarakasi. Hata hivyo, igizo nililolitazama Jumamosi iliyopita katika kiwanja kilicho karibu na soko la samaki ni la namna nyingine, na nililipa kiingilio cha shilingi 3,000 bila kujua kwamba ningetakiwa pia kusema.

Kikundi cha vijana huigiza kisa kifupi, kisha hukirudia tangu mwanzo, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akashika nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia yake. Utaratibu huu unatokana na kazi ya Augusto Boal wa Brazili katika miaka ya 1970, ila kwetu hauna ugeni mkubwa, kwani katika miaka ya 1980 Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kutunga maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe. Mimi nilikulia katika ngonjera za shuleni, ambamo asiyejua hubishana na ajuaye hadi asalimu amri. Utamu wake naukiri, lakini mshindi tulimjua tangu ubeti wa kwanza.

Katika kisa cha usiku ule, mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki wa kukaanga na kuuza, anafika mnadani na mtaji mdogo, dalali anauza matenga yote kwa mnunuzi mwenye gari na barafu, naye mama anarudi na ndoo tupu. Bibi mmoja aliyeketi mbele yangu, ambaye mwenyewe hukaanga samaki, alijifunga kanga vizuri akaingia. Hakumgombeza dalali kama nilivyotarajia, bali aliwageukia wanawake waliokuwa mkekani akawataka wachange palepale, wanunue tenga zima, kisha wagawane mafungu. Mwigizaji wa mnunuzi, kwa sifa yake, hakulegea: alipandisha bei mara tatu hadi mchango ukaisha. Ndipo mvuvi mmoja kijana akapendekeza kwamba kila chombo kifikapo, sehemu ya samaki iuzwe kwanza kwa mafungu madogo, akaulizwa papo hapo ni nani atakayemfidia mwenye chombo aliyekwisha kutoa fedha ya mafuta. Swali hilo lilizungushwa kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyelijibu.

Kasoro kubwa ilitokea baadaye. Dalali wa kweli, aliyekuwa miongoni mwetu, alipoanza kueleza kwamba msimu wa upepo mkali yeye ndiye anayewakopesha wavuvi, alizomewa, na mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kumlinda kila msemaji, akacheka pamoja na wazomeaji. Dalali wa kwenye igizo naye alichorwa kama mlafi wa kuchekesha, mwenye tumbo la mto, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufikiri jinsi soko litakavyokwenda pasipo mikopo yake. Nilimwona yule bwana akiondoka kabla ya mjadala kwisha.

Kipaza sauti kilizimika mara mbili, jambo lisilo na uzito, kwa kuwa waigizaji wana sauti za kutosha. Onyesho huanza baada ya Isha. Mikeka ya mbele hujaa mapema, na mwenye mgongo mbovu aje na kigoda chake.